Kopo la Mjomba

Huku kwetu Kichiwa mwezi wa Juni ukiingia, watu husalimiana "Kamwene" huku wakitazamana mashavu. Baridi ya nyanda za juu hukausha ngozi ya uso mpaka ikapauka kama gome, midomo hupasuka, na watoto wanaochunga alfajiri hurudi nyumbani na nyufa miguuni. Na jua nalo lina hila yake. Kwa kuwa tumekaa juu, jua huunguza pasipo mtu kusikia joto. Mgeni kutoka Dar es Salaam hujifunga shuka mpaka shingoni, akidhani ameepukana na jua kwa sababu anatetemeka, na baada ya wiki moja pua yake hubambuka. Kwa sababu hiyo kupaka mafuta kwetu hakukuwa urembo hata siku moja. Kulikuwa sawa na kuvaa sweta.

Bibi yangu mzaa mama alitupaka mafuta ya mbarika. Mbegu zilikaangwa, zikatwangwa, kisha zikachemshwa mpaka mafuta yakaelea juu, naye akayaengua polepole kwa kata. Yalikuwa mazito na yalikuwa na harufu, lakini shavu lililopakwa mafuta hayo halikupasuka. Wenzetu wa Pwani walikuwa mbali zaidi katika mambo haya: wao walikuwa na liwa ya kusaga na kupaka usoni, na singo ya kumsugulia bibi harusi. Sisi wa bara tulikuwa na mbarika tu, na waliobahatika walikuwa na samli. Baadaye yakaja mafuta ya mgando ya dukani, yale ambayo Mmarekani Robert Chesebrough aliyapatia hataza mwaka 1872, baada ya kuona wafanyakazi wa visima vya mafuta wakijipaka utando mzito wa mitambo penye majeraha na michubuko. Mafuta hayo hayana dawa ndani yake. Kazi yake ni kufunika ngozi ili maji yake yasipotee. Ni kazi ileile ya mbarika ya bibi.

Naandika haya nikiwa nimepita miaka sabini. Nilifundisha shule za msingi tangu mwaka 1972 hadi nilipostaafu mwaka 2010, na zaidi ya nusu ya muda huo nilikuwa Mwalimu Mkuu. Katika maisha yangu nimeziona nyuso nyingi zikiwa zimepangwa mistari mbele ya bendera asubuhi, na ningependa msomaji aamini kwamba nilizitazama zote kwa jicho moja. Siwezi kumwambia hivyo. Sababu yake ndiyo makala haya.

Mwaka 1960, nikiwa mtoto wa miaka kumi, mjomba alirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Johannesburg. Siku hizo vijana wengi wa kusini mwa Tanganyika walikwenda huko kwa mkataba wa kampuni ya kuandikisha vibarua iliyoitwa Wenela, mpaka serikali yetu ilipousimamisha mpango huo mara baada ya Uhuru. Waliorudi walirudi na masanduku ya bati. Mjomba alikuwa na mablanketi mawili, koti refu, gramafoni iliyokuwa ikikwama, na kopo dogo la mviringo alilomletea mkewe. Juu ya kifuniko palikuwa na picha ya mwanamke anayecheka, mwenye nywele zilizonyooshwa, uso wake mng'avu kuliko uso wa mtu yeyote niliyepata kumwona, ukiwaacha mapadre na wamisionari.

Mke wa mjomba alijipaka uso jioni ya siku ileile. Baada ya wiki chache uso ulibadilika. Wanawake wakaja kumtazama, mmoja mmoja, wakijifanya wamekuja kuazima ungo. Bibi peke yake hakufurahi. Aliuliza kama mvua ikimnyeshea mkwe wake rangi itamchuruzika, na watu wakacheka. Kopo lilipokwisha, uso ulirudi ulivyokuwa, ila chini ya macho palibaki weusi ambao haukuwapo zamani. Mke wa mjomba aliliosha kopo, akalifanya la kuwekea sindano. Likakaa katika nyumba ile miaka mingi, na yule mwanamke wa picha akiendelea kucheka.

Krimu nyingi za namna ile zilizouzwa Afrika Kusini katika miaka ile zilichanganywa na zebaki. Zebaki ni ile madini inayotiririka kama maji, ambayo zamani tuliiona ndani ya kipimajoto. Mwili una kiini cha rangi kiitwacho melanini, nacho hutengenezwa na chembe maalumu za ngozi. Zebaki huizuia kazi hiyo isifanyike. Ngozi mpya inayozaliwa chini hutoka bila rangi yake kamili, na ya juu huchubuka. Lakini zebaki haibaki usoni. Hupenya, ikaingia katika damu, ikaenda kujikusanya kwenye figo.

Nilipokuwa sekondari, jambo hili likawa siasa. Mwezi wa Oktoba mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari, 1969, ilikuwa marufuku kuvaa sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia, na pia kujipaka dawa za kuchubua ngozi. Magazeti yalijaa barua. Waliounga mkono walisema huu ni ukoloni uliobaki vichwani na kwamba Mwafrika aliyeukomboa wimbo wake na jina lake hana budi kuukomboa na uso wake. Waliopinga waliuliza mbona marufuku karibu zote zinawaangukia wanawake, hali wakubwa wenye suti za Ulaya hawaguswi. Kule Kariakoo wasichana walifukuzwa na makundi ya wanaume kwenye vituo vya mabasi. Na kwa kioja cha dunia, katika miaka ileile Wamasai wa kaskazini walikuwa wakiamriwa waache kujipaka udongo mwekundu na wavae suruali. Yaani mmoja alikatazwa kuufanana Uzungu, mwingine akaamriwa aufanane, na sauti iliyoamuru ilikuwa ileile. Wakati ule sikuliona hilo. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilikuwa na shati la kijani.

Jumamosi moja ya Januari tulipelekwa kusimama kituo cha mabasi, Njombe. Basi la kutoka Iringa liliposhusha abiria, tulimsimamisha msichana mmoja aliyekuwa na kikapu. Uso wake ulikuwa maji ya kunde, na mikono yake ilikuwa myeusi. Siku hizi vijana wangesema uso Fanta, mwili Coca-Cola. Tulipekua kikapu, tukaikuta chupa ya dawa yake, na mimi ndiye niliyeimwaga barabarani mbele za watu. Hakulia. Aliniangalia kwa muda, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Na wewe kaka, ukioa utamwoa mweusi kama mimi nilivyokuwa?"

Wenzangu walicheka. Mimi nilimjibu kwa maneno ya hotuba niliyokuwa nimeyakariri. Nikaenda chuo cha ualimu mwaka uliofuata, nikajifunza saikolojia ya mtoto na mbinu za kufundisha hesabu, nikapangiwa shule, nikaoa. Nilimwoa msichana maji ya kunde. Sikumchagua kwa rangi, ndivyo nilivyojiambia, na huenda ni kweli. Lakini nakumbuka vizuri nilivyosimama nje ya kanisa siku ya arusi nikisikia watu wakisema, "Mwalimu amepata," na nikijua hasa walichokuwa wakikisifu.

Hapa niache habari zangu kidogo, nieleze mambo yaliyokuwa yakitendeka kwingineko.

Baada ya zebaki kuanza kuogopwa, ilipata mwenzake, haidrokwinoni. Historia yake inaanza katika ngozi ya ng'ombe, na kwa mtu wa Njombe ni habari ya karibu. Sote huku twaijua miwati. Kampuni ya miwati ilianzishwa hapa mwaka 1949, na magome ya miti hiyo hukamuliwa dawa ya kulainishia ngozi za wanyama ili ziwe viatu na mikoba. Sasa basi, mwaka 1939 huko Marekani, madaktari Oliver, Schwartz na Warren walitoa taarifa juu ya vibarua wa kiwanda cha kutengeneza ngozi kama hizo. Mikono yao ilikuwa imetoka mabaka meupe. Walipochunguza waligundua kwamba mabaka yalifuata mahali glavu za mpira zilipogusa. Ndani ya mpira ule palikuwa na kemikali ya ukoo wa haidrokwinoni, iliyowekwa ili mpira usichakae upesi. Nayo haidrokwinoni yenyewe tayari ilikuwa ikitumika kusafishia picha katika vyumba vya giza. Mtu mwenye akili ya biashara alipoyasoma hayo hakuona ajali ya kazini. Aliona soko.

Kwa hiyo dawa iliyoingizwa katika makopo haikutokana na utafiti wa kuponya uso wa mtu yeyote. Ilitokana na madhara ya glavu. Wanangu wamewahi kuniambia kwamba naona njama kila mahali. Huenda. Lakini mwaka, kiwanda na madaktari si maneno yangu.

Mwaka 1972 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha uchunguzi uliofanywa Nairobi na daktari Barr na wenzake. Walikuwa na wagonjwa 60 watu wazima, Waafrika, waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zikiipoteza protini kupitia mkojo. Katika hao 60, 32 walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Wengi katika walioacha walipata nafuu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1975, daktari Findlay na wenzake wa Afrika Kusini walieleza ugonjwa mwingine. Wanawake waliopaka haidrokwinoni kali kwa muda mrefu walikuwa wakitoka madoa mazito ya rangi ya bluu iliyoelekea weusi, juu ya mashavu na chini ya macho, penye vinundu vidogo kama mtama. Dawa ya weupe ilikuwa ikileta weusi usiotoka. Aliyeona weusi huo alizidi kupaka, na kadiri alivyopaka ndivyo ulivyozidi. Mwaka 1990 Afrika Kusini, nchi iliyomtengenezea mjomba kopo lake, ilipiga marufuku dawa hizo zote.

Huku kwetu, kwa kweli, miaka ya 1979 hadi 1984 ilituponya kwa umaskini. Baada ya vita vya Uganda hapakuwa na sabuni hata ya kufulia. Tulipanga foleni duka la ushirika kwa mche mmoja, na wake zetu walifua kwa majani ya mpapai. Watoto walikuja shule na upele, na choa vichwani, na mimi nikawa daktari wa salfa na maji ya moto. Katika hali hiyo hakuna aliyekuwa na fedha ya kujichubua. Halafu milango ya biashara ikafunguliwa, kwanza mwaka 1984 kwa wenye fedha zao za kigeni, kisha zaidi baada ya 1986. Vitu vikamiminika. Makambako, mahali reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu ya Zambia, ikawa kama mdomo wa mto. Mitumba, redio, betri, na vibanda vyenye sabuni za karatasi zinazometameta na mirija midogo ya krimu.

Nyingine katika sabuni hizo zilitoka Ulaya. Jumuiya ya Ulaya ilikuwa imezuia zebaki katika vipodozi vya watu wake tangu mwaka 1976, lakini ilikuwa halali kuitengeneza sabuni ya zebaki na kuiuza nje. Mlango huo wa kuiuza nje haukufungwa mpaka mwaka 2003. Miaka 27! Profesa Masazumi Harada, yule Mjapani aliyewatibu watu wa Minamata walioathirika kwa zebaki ya kiwandani, alipokuja Ziwa Victoria kuchunguza kama uchimbaji wa dhahabu unawadhuru wavuvi, alikuta watu kadhaa wenye zebaki nyingi mno katika nywele zao ambao hawakuwa wachimbaji. Ilikuwa imetoka katika sabuni ya kuogea.

Na mirija ile ilikuwa na dawa za steroidi, ambazo daktari huziandika kwa siku chache kwa ugonjwa kama ukurutu. Ukizipaka kila siku usoni, ngozi hung'aa mwanzoni, chunusi zikafifia, nawe ukadhani umepata muujiza. Kisha ngozi hukonda kama karatasi ya kitunguu, mishipa ikaonekana, nywele zikaota mashavuni, na ukiacha ghafla uso wote huwaka. Wenye akili za biashara wakazichanganya zote, steroidi, haidrokwinoni na chochote kingine, katika bakuli moja, wakakoroga kwa mti. Ndiyo maana ya neno mkorogo. Lugha yetu haikukosea hapo.

Mimi na mke wangu tulijaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume. Binti wa kwanza alichukua rangi ya mama yake, na wa pili, aliyezaliwa mwaka 1978, alichukua yangu. Yule wa kwanza nilimwita Mweupe wa Baba. Wa pili nilimwita Mkaa. Nilimwita kwa mapenzi, msomaji, na yeye alikuwa akiitika kwa kicheko na kuja mbio. Nyumba nzima ilimwita hivyo, na walimu wenzangu pia walimwita hivyo.

Alipofika darasa la saba alitokwa na chunusi nyingi. Nilimwambia maneno tuliyowaambia wanafunzi wote, kwamba ni kwa sababu ya kula karanga na kukaa na uchafu. Sasa najua kwamba sikumtendea haki. Chunusi hutokea kwa sababu wakati wa balehe vitezi vya mafuta ya ngozi hufanya kazi kupita kiasi, vinyweleo vikaziba, na vijidudu vikazaliana humo. Uchafu hauhusiki sana, na mtoto anayesugua uso mara sita kwa siku kwa sabuni ya kufulia anajiumiza bure. Inatosha kuosha asubuhi na jioni kwa sabuni laini, kutokuminya kwa kucha, kutojipaka mafuta mazito juu ya chunusi, na zikizidi kumwona mganga wa zahanati, kwani dawa zipo na si ghali. Weusi unaobaki chunusi ikipona huisha wenyewe kwa miezi, usipouchokoza na usipouanika juani. Hayo ningeyajua mwaka 1991, ningeweza kuyasema kwa dakika tatu mbele ya darasa.

Mwaka 1997 binti yangu alikwenda Makambako kujifunza kazi ya saluni karibu na stendi. Krismasi ya mwaka 2000 alikuja nyumbani akiwa na uso mwingine. Ulikuwa mwororo, wa rangi ya chai ya maziwa. Mama yake alinyamaza. Mimi, niliyewahi kumwaga chupa barabarani kwa jina la taifa, nilimwangalia binti yangu pale mlangoni nikasema, "Mama, umependeza. Mji umekukubali."

Maneno hayo nimeyakumbuka usiku mwingi.

Mwaka 2006 alianza kuvimba. Asubuhi macho yalikuwa yamefumba, jioni miguu ilikuwa mizito hata viatu havikuingia. Majirani walikuwa na maelezo yao, na nauli ya kwenda kwa mganga wa kienyeji ilikwisha kuchangwa. Tulimpeleka hospitali. Daktari alipima mkojo, akakuta protini nyingi, kisha akaitazama mikono yake. Viungo vya vidole vilikuwa vyeusi, wakati mikono yote ilikuwa imeng'aa. Akamwuliza anaoga kwa sabuni gani na anajipaka nini. Binti alitaja jina moja, akasita, akataja la pili, mpaka yakawa manne. Daktari hakumgombeza. Alisema, "Acha yote leo, dada yangu, kabla hatujafanya jambo jingine lolote."

Njiani kurudi nyumbani nilimgombeza mimi. Nilisema yote ambayo baba huyasema, ya kujikana, ya utumwa, ya elimu niliyompa. Alinisikiliza mpaka tulipofika njia panda. Kisha akasema, bila hasira: "Baba, dada ulimwita nani? Na mimi ulikuwa ukiniitaje?"

Mara ya pili katika maisha yangu mwanamke alikuwa ameniuliza swali lilelile, na safari hii sikuwa na hotuba.

Figo zilipona. Ilichukua miezi minane, na kila tulipokwenda kupima nilikaa benchi la nje nikihesabu vigae. Kijana mmoja niliyemfundisha darasa la tano, ambaye sasa ni daktari, ndiye aliyenitolea katika intaneti yale maandishi ya Nairobi ya mwaka 1972 baada ya mimi kustaafu, nikayasoma kwa kamusi. Kilichoniuma ni tarehe. Mwaka ule ndio nilioshika chaki kwa mara ya kwanza. Jambo lililompata binti yangu lilikuwa limeandikwa na kuchapishwa miaka sita kabla hajazaliwa.

Sheria zilikuja, lakini zilikuja kwa mwendo wa miguu. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998. Kwetu Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ilitungwa mwaka 2003, na TFDA ikaanza kazi ya kukagua maduka na kuteketeza mizigo. Tangu mwaka 2019 vipodozi vimekuwa chini ya Shirika la Viwango, TBS. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa wale wagonjwa wa Profesa Harada, ulipatikana mwaka 2013. Nazisifu sheria hizi. Ila nimewahi kusimama Makambako siku ambayo wakaguzi walikuwa wakija, nikaona jinsi habari inavyofika sokoni kabla ya gari lao. Sanduku huingia chini ya meza, na jioni hurudi juu ya meza. Na mwenye meza ni mama anayesomesha watoto, naye ukimwuliza atakwambia kwamba hajamlazimisha mtu. Ni kweli, hajamlazimisha. Wanunuzi wake wametumwa na sisi, wachumba wanaochagua, mashangazi wanaosifu, na walimu wakuu wanaowapa watoto wao majina.

Uso wa binti yangu ulichukua muda zaidi kuliko figo. Alipoacha krimu uliwaka kwa majuma mengi, ukabambuka na kutoa usaha, na ilibidi avumilie asirudie kopo hata siku moja, kwani kopo ndilo lililokuwa likimwita. Madoa ya mashavuni yalibaki, mazito, ya bluu na weusi, kama yale ya kina Findlay. Mwaka 2019 nilimpeleka Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992 pale KCMC. Pale tulikuta foleni ndefu, na katika foleni hiyo wazazi walioleta watoto wenye ualbino kupimwa ngozi na kupewa mafuta ya kuwakinga na jua. Binti yangu aliketi karibu na msichana mmoja wa namna hiyo, mwenye kofia pana. Waliongea muda mrefu. Mmoja hakuzaliwa na ile melanini na analindwa ili aishi bila hiyo, mwingine aliilipia fedha iondoke. Sikujua wanaongea nini, nikaona ni adabu kutosogea.

Daktari wa Moshi alisema ukweli. Madoa ya aina ile hupungua kidogo, hayaishi. Alimwagiza mambo machache: kofia na mafuta ya kinga wakati wa jua, mafuta ya mgando ya kawaida usiku, maji na sabuni isiyo na manukato makali, na asikubali tena kitu chochote kisichoandikwa kilichomo ndani. Aliniambia na mimi pia niache kunyoa ndevu kwa kugandamiza wembe kinyume cha zinavyoota, maana vile vipele vya shingoni nilivyovilaumu kwa miaka arobaini ni nywele zilizojikunja zikarudi ndani ya ngozi. Nilikuwa sijamwuliza.

Leo binti yangu ana saluni yake mwenyewe Makambako. Mkorogo hauzi. Wateja wengine huingia, wakautazama uso wake, wakauliza imekuwaje, naye huwaeleza huku akisuka. Wengine hukaa. Wengine hutoka wakaenda kibanda cha pili, ambako bakuli bado lipo.

Kabla hatujaondoka Moshi, daktari alitaka kuona picha ya uso wake kabla ya dawa, ili ajue rangi yake ya asili. Nilipiga simu nyumbani, mke wangu akafungua sanduku la picha. Za dada yake zilikuwa nyingi, za shule, za kipaimara, za studio kwa mpiga picha wa Njombe. Ya Mkaa ilipatikana moja tu, ya mwaka 1996, ya familia nzima mbele ya nyumba ya mwalimu. Amesimama nyuma ya dada yake, na bega la dada limemkata nusu ya uso. Mjukuu akaipiga kwa simu, akaituma hiyohiyo.